Vumbi Jeusi la Magurudumu: Latoka Wapi, na Huoshwaje?

Siku moja ukiwa stendi ya mabasi hapa mjini Kisumu, usitazame michoro na maandishi yaliyo ubavuni mwa matatu. (Hayo tuwaachie wenzetu wa chama cha sanaa.) Inama kidogo uyatazame magurudumu. Utaona rimu za mbele zimepakwa weusi kama masizi ya sufuria, ilhali za nyuma ni safi kiasi. Mvua haijanyesha wiki nzima, na barabara ni ya lami. Je, weusi huo umetoka wapi?

Wengi husema ni matope, au moshi, au lami iliyoyeyuka. La hasha! Ni breki.

Baba yangu mdogo huosha magari karibu na ufuo wa ziwa, nami kila likizo humsaidia. Sehemu ya karo yangu imetoka kwenye ndoo na sponji, kwa hivyo jambo hili kwangu si mchezo. Gari likija na matope tu, kazi ni ya dakika chache. Lakini likija lile lenye rimu za aloi, zenye spoki nyembamba zilizopishana kama utando wa buibui, baba mdogo huniita. "Kuja hapa wewe mwenye vidole vyembamba," husema, kisha yeye huendelea na boneti.

Ukitaka ushahidi, chukua sumaku kutoka maabara (omba ruhusa kwanza!), uifunge ndani ya karatasi ya nailoni, halafu uipitishe katika maji machafu ya beseni lililooshewa rimu. Utaitoa ikiwa imeota ndevu nyeusi. Matope ya kawaida hayafanyi hivyo. Hicho ni chuma, bwana.

Gurudumu la mbele la gari la siku hizi lina sahani ya chuma iitwayo disiki. Dereva akikanyaga breki, pedi mbili huibana disiki hiyo huku na huku mpaka gari lipunguze mwendo. Mwendo hugeuka kuwa joto, na pedi pamoja na disiki husagika kidogo kidogo. Unga wake ndio vumbi letu: chuma cha disiki, kaboni, gundi ya pedi iliyoungua, na mara nyingi shaba na metali nyinginezo. Gari linaposimama uzito huelemea mbele, na kwa sababu hiyo breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa. Isitoshe, magari mengi yana breki za ngoma kwa nyuma, na ngoma hulifungia vumbi ndani yake.

Sasa fikiria matatu itokayo Kakamega. Kakamega iko kama mita 1,535 juu ya usawa wa bahari, nalo ziwa liko kama mita 1,134. Gari huteremka mita 400 hivi, na sehemu kubwa ya mteremko huo ni pale Riat, ambapo abiria wageni hufumba macho. Tuseme gari na abiria wake wana uzito wa kilo 2,500. Kwa hesabu tuliyofunzwa darasani, 2,500 mara 10 mara 400 ni jouli milioni 10. Joto hilo latosha kuchemsha lita 30 hivi za maji, yaani chai ya darasa zima na walimu wao! Kweli, si joto lote liendalo kwenye breki. Upepo huchukua sehemu yake, na dereva mwenye busara hutumia gia ya chini ili injini nayo ilizuie gari. Yule asiye na busara utamtambua kwa harufu, na kwa weusi wa rimu zake.

Vumbi hilo hurukia rimu likiwa moto, likanata. Usiku umande huingia, chuma hushika kutu, na kutu hiyo hula vanishi ya rimu. Likiachwa majuma kadhaa, hata ukisugua na sabuni mpaka mkono ufe ganzi, madoa hayatoki. Hapo ndipo watu huanza kutafuta miujiza. Kuna wanaomimina asidi ya betri. Rimu za aloi ni za alumini, na asidi kali huila alumini. Doa litaondoka na mng'aro uondoke nalo, tena mikono yako haitapona. Wengine hutumia mafuta taa. Mafuta hayo huharibu mpira wa tairi, na yakifika kwenye disiki au pedi, breki hazitashika sawasawa. Mwenye gari atatoka kwako rimu ziking'aa, aende akapande Riat, na kurudi ndiko kwenye hatari. Zipo pia dawa maalumu za kuondoa chuma, ambazo hugeuka zambarau zikikutana nacho na kunuka kama dawa ya nywele ya saluni. Hizo hufanya kazi, ila bei yake si ya mtu wa ndoo.

Jambo ambalo mimi na wakubwa wangu pale ufuoni tumelibishania sana ni ziwa lenyewe. Kwa miaka mingi gari limekuwa likiingizwa majini mpaka maji yaguse ekseli, likaoshewa humo humo. Maji ya ziwa ni ya bure, ya mfereji yana bili. Siwalaumu wanaohesabu shilingi. Mzee mmoja aliniambia, "Kijana, ziwa ni kubwa. Unga wa kijiko kimoja utalifanya nini?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba mbele yetu si ziwa zima. Ni Ghuba ya Winam, yenye maji ya kina kifupi, na njia yake kubwa ya kutokea kwenda ziwa kuu ni ule mlango mwembamba wa Rusinga. Kiingiacho humu hakitoki upesi. Na mtambo wa maji wa Dunga, unaolisha sehemu ya mji huu, huteka humu humu. Vijiko ni vingi pia, kwani magari hayaji mara moja kwa mwaka.

Ng'ambo wameliona jambo hili. Huko Marekani, majimbo ya California na Washington yalipitisha sheria mwaka 2010 za kupunguza shaba katika pedi za breki: isizidi asilimia 5 kuanzia 2021, na asilimia 0.5 kuanzia 2025. Sababu kubwa ilikuwa samaki. Shaba kidogo tu majini humharibia samoni uwezo wa kunusa, na samaki asiyenusa hamtambui adui anayemjia. Samaki wetu ni mbuta, ngege na omena, lakini pua ni pua. Hapa kwetu, sheria ya mazingira ya 1999 na kanuni za ubora wa maji zinakataza kumwaga uchafu wa sumu majini. Hata hivyo, sijaona mteja wa pedi akiuliza zina shaba kiasi gani. Huuliza bei.

Baba mdogo hakushawishika na samaki. Alishawishika na ndevu za sumaku. Siku hizi tunaoshea juu, mbali na maji, kando ya shimo tulilochimba na kulitandika kokoto na mchanga. Unga wa chuma ni mzito, kwa hivyo mwingi hutulia chini. Tope lake tunalichota na kulitia guniani. Shimo halizuii kila kitu, lakini ni afadhali. Maji tunanunua, na tumegundua kwamba mtungi mmoja wa lita 20 unatosha rimu zote nne, mradi usifanye pupa.

Kazi yenyewe ni hivi. Liache gari lipoe kwanza, nusu saa hivi, maana maji baridi juu ya disiki ya moto yaweza kuipinda au kuipasua. Usilipulize vumbi wala kulisugua likiwa kavu. Ni baya kwa mapafu, na pedi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, iletayo saratani. Lilowanishe taratibu, upake maji ya sabuni, usubiri dakika tano bila kuyaacha yakauke. Kisha fanya gurudumu moja moja: brashi laini ya rangi kwa nyuso za spoki, mswaki mzee kwa mashimo ya nati, na kitambaa kilichosokotwa kwa pembe zisizofikiwa na mswaki. Upande wa ndani wa rimu usiusahau. Ndiko vumbi lilikojaa, na mteja mjuaji huchungulia huko. Steliwuli weka mbali kabisa, inakwaruza. Sponji ya magurudumu isiguse bodi ya gari, kwa kuwa unga huo hukwaruza rangi kama msasa.

Suuza, kausha kwa kitambaa, halafu mwambie dereva aendeshe polepole na kukanyaga breki mara mbili tatu ili zikauke kabla hajaingia barabara kuu. Asubuhi akiona disiki imeshika kutu ya rangi ya chungwa, asikupigie kelele. Ni kutu nyepesi ya maji, na itatoka mara tu atakapoanza kufunga breki.