Kwa Nini Picha za Mbio za Magari Hukwama?

Jumapili ya tarehe 27 Juni 2021, mashindano ya Safari Rally yalikuwa yakimalizika huko Naivasha, Kenya. Mara ya mwisho yalikuwa yamehesabiwa katika ubingwa wa dunia mwaka 2002. Thierry Neuville wa Ubelgiji aliianza siku hiyo akiongoza, lakini katika kipande cha Loldia gari lake liliharibika akalazimika kujitoa. Ushindi ukamwendea Sébastien Ogier wa Ufaransa.

Zamani mashindano haya, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalifuatiliwa kando ya barabara au redioni. Ndivyo Watanzania walivyompokea Bert Shankland, dereva kutoka nchini mwao, aliyeshinda mwaka 1966 na 1967. Siku hizi kijana wa Tukuyu asiye na dishi la kulipia hutafuta picha kwa simu yake, na aghalabu huangukia tovuti zisizo rasmi ambazo hudai kuonyesha mbio bure. Hapo ndipo taabu huanza: picha hukwama, ukurasa hutoweka, na ndugu aliyeko Nairobi humpigia simu kumwambia jambo ambalo yeye bado hajaliona. Wengi huulaumu mnara wa simu peke yake. Lakini sababu ni zaidi ya moja, na kila moja inaeleweka kwa hesabu nyepesi.

Uzito wa picha

Picha ya video ni mfululizo wa picha tuli zinazopishana upesi sana. Tuseme kila picha ina nukta 1,280 kwa upana na 720 kwa urefu, kila nukta inahitaji biti 24, na picha 25 hupita kwa sekunde moja. Tukizidisha tutapata biti 552,960,000 kwa sekunde, yaani megabiti 553 hivi. Hakuna simu ya kawaida wilayani Rungwe inayopokea kiasi hicho. Kwa hiyo picha hubanwa hadi kufikia, mathalani, megabiti 3 kwa sekunde.

Kubana huku hutegemea hila moja: sehemu ya picha ambayo haikubadilika haitumwi tena. Msomaji wa habari aliyeketi mezani hubanwa kwa urahisi, kwa maana ni midomo na macho tu yanayosogea. Gari la mbio ni kinyume chake. Vumbi, nyasi na miti vyote hubadilika kila mara, na kamera nayo hukimbia. Biti zikiwa chache, picha huvunjika vipande vya mraba. Tena, tovuti isiyo rasmi huchukua picha iliyokwisha kubanwa na kuibana mara ya pili. Matokeo yake ni kama kutoa nakala ya nakala: kila mara kitu fulani hupotea.

Pipa lenye bomba mbili

Simu haionyeshi picha papo hapo inapoipokea, bali huweka kwanza akiba. Akiba hiyo ni kama pipa lenye bomba la kuingizia maji na bomba la kutolea. Tuseme bomba la kutolea hutoa megabiti 3 kwa sekunde, na la kuingizia huleta megabiti 2 tu. Pipa likianza na akiba ya sekunde 10 za picha, yaani megabiti 30, litapungua kwa megabiti 1 kila sekunde. Baada ya sekunde 30 litakuwa tupu na picha itasimama. Kulijaza tena kwa megabiti 30 kutachukua sekunde 15. Basi mtazamaji ataona sekunde 30 na kusubiri 15, mbio zote.

Bomba la kuingizia laweza kuwa jembamba kwa sababu nyingi. Mji wa Tukuyu umezungukwa na milima na mabonde, na mlima hukinga mawimbi ya simu. Watumiaji wa mnara mmoja hugawana uwezo wake. Mvua kubwa nayo hudhoofisha mawimbi mafupi sana yanayounganisha mnara na mnara, pamoja na yale ya dishi. Lakini hata mnara ukiwa mzuri, seva ya tovuti isiyo rasmi mara nyingi ni ndogo, nayo hupokea watazamaji wengi kwa saa ileile. Hapo kuhama chumba au kupanda kilima hakusaidii kitu.

Habari iliyochakaa

Picha hukatwa vipande vya sekunde chache, mathalani 6, na simu husubiri vipande vitatu hivi kabla ya kuanza. Hizo ni sekunde 18. Tovuti isiyo rasmi huipokea picha ikiwa imechelewa hivyo, kisha huikata upya na kuichelewesha tena. Jumla ikifika sekunde 45, gari la mwendo wa kilomita 120 kwa saa litakuwa limekwenda mita 1,500 mbele ya pale linapoonekana. Ndiyo maana simu ya ndugu hutangulia.

Gharama ya kitu cha bure

Saa mbili za picha ya megabiti 3 kwa sekunde humaliza gigabaiti 2.7 za kifurushi. Juu ya hayo huongezeka matangazo yanayojifungua yenyewe. Tovuti hizi huishi kwa matangazo hayo. Hutoweka katikati ya mbio kwa kuwa wenye haki ya kurusha picha huziwinda na kuzifungia, na Tanzania nayo inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Hatari kubwa zaidi ni vitufe vya uongo vinavyomtaka mtazamaji aweke programu mpya au ataje nambari zake za siri. Simu hiyohiyo aghalabu ndiyo inayotunza fedha za nyumba nzima. Atakayebonyeza kwa pupa ya kuona kona ya mwisho huenda akapoteza karo ya mdogo wake.

Tovuti rasmi hupunguza ubora wa picha zenyewe mtandao unapodhoofika. Megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 900 kwa saa mbili, na kwa bomba la megabiti 2 picha haikwami. Matokeo ya maandishi hutumia kiasi kidogo mno.

Jaribio

Wanafunzi watoboe tundu dogo chini ya ndoo, waiweke maji kiasi, kisha waendelee kumimina kwa kikombe polepole kuliko maji yanavyotoka. Wapime muda ndoo inapokauka, waongeze kasi ya kumimina, na kupima tena. Je, kasi gani hufanya ndoo isikauke kamwe?