Taa ya Mlangoni Nayo ni Lugha

Jioni ya tarehe 31 Oktoba, sikukuu iitwayo Halloween, watoto wa Marekani huvaa mavazi ya mazimwi wakapita mlango kwa mlango wakiomba peremende. Mwenye nyumba mwangalifu huondoa baiskeli na mpira wa maji njiani, hufagia majani yaliyolowa, humfungia mbwa. Ndani ya boga lililochongwa sura hutia taa ya betri badala ya mshumaa, maana mavazi yale hushika moto upesi.

Mimi, mwanaisimu, huvutiwa zaidi na taa ya mlangoni. Ikiwaka, ni “karibuni”; ikizimwa, watoto hupita. Kamusi haisemi hayo. Mgeni atayajuaje?

Oktoba 1992, Yoshihiro Hattori, mwanafunzi Mjapani wa miaka 16, alikuwa akienda karamu ya Halloween mjini Baton Rouge, Louisiana. Yeye na mwenzake walikosea nyumba. Waliyoifikia nayo ilikuwa na mapambo ya sikukuu. Mwenye nyumba akatoka na bastola, akapaza sauti: “Freeze!” Kamusini neno hilo ni kuganda kwa baridi, kinywani mwa mwenye silaha ni amri, usisogee hata hatua. Hattori akazidi kusogea. Akapigwa risasi, akafa. Mwaka 1993 mwenye nyumba aliachiliwa katika kesi ya jinai.

Walimu wenzangu, wapo vijana wetu waendao kusoma huko. Nimepekua vitabu kadhaa vya Kiingereza vya darasani. Neno hilo nimelikuta kwenye habari za barafu tu.