Kwa nini kauri ya altrasaundi haitaki kukatwa kwa pupa

Hapa Hombolo tumezoea stori za zabibu na bwawa, lakini leo naomba tuongelee kauri. Sio ya vikombe vya chai, bwana. Naongelea ile iliyofichwa ndani ya kile kichwa cha mashine ya altrasaundi anachopitishiwa mama mjamzito tumboni.

Mara nyingi ni PZT, yaani mchanganyiko wenye risasi, zirkoniamu na titaniamu, jamii ya feroelektriki. Ukiipa umeme inatanuka na kusinyaa kidogo sana, inasukuma mawimbi. Mwangwi ukirudi ukaigonga, inatoa umeme, ndo picha hiyo. Ila ikitoka tanuri haiwezi kazi hiyo. Ndani kuna vijieneo, kila kimoja na chanya na hasi yake, vimeelekea ovyo, vinafutana. Inabidi ipashwe moto na kupigwa volti maelfu kwa kila milimita ndipo vielekee upande mmoja.

Sasa njoo kwenye kukata. Kutoa mawimbi ya megahezi 5, kauri inasagwa mpaka unene wa milimita 0.4 hivi, halafu inapasuliwa kwa msumeno wa almasi kuwa vijiti vyembamba, tuseme 128. Almasi ikipita kwa nguvu inaacha nyufa usizoziona kwa macho, na mgandamizo wake unavigeuza vijieneo vya juu juu. Tabaka linaloharibika ni la maikromita chache hadi makumi kadhaa. Kwenye tofali hiyo si kitu. Kwenye kijiti chembamba hivyo ni sehemu kubwa ya mwili! Joto nalo likikaribia kiwango kinachoitwa joto la Curie, mpangilio wote unavurugika. Ndo maana wanakata polepole, wanamwagia maji, na wengine wanaipasha tena kuondoa mkazo, kisha wanairudishia ule umeme mkali.

Ufa mdogo unaweza kutulia tu, mpaka siku kichwa kidondoke sakafuni. Kijiti kinakufa, picha inapata mstari mweusi, na pengine hapo ndipo moyo wa mtoto ulipo.

Mstari unaweza pia kuletwa na jeli kidogo au waya. Mafundi wana kipimo rahisi: wanapitisha kibanio cha karatasi taratibu juu ya kichwa chenye jeli. Mng'ao unakifuata kibanio kwenye skrini. Unapokatika, chini yake kuna kijiti kisichosikia.