Nyama Inapocheza Yenyewe

Saa nane za usiku nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, tochi ya simu nimeielekeza kwenye shavu la mguu wa kushoto. Ngozi ilitulia kana kwamba haina habari. Mara kitu kikaruka chini yake, kidogo tu, kama kiluwiluwi anayegusa uso wa maji kisha akazama. Baada ya pumzi mbili kikaruka tena, mahali palepale. Huo ulikuwa usiku wa tatu.

Ulianza ukope, ila ukope haukunitisha kwa sababu kwetu una tafsiri zake. Ukicheza wa juu, utamwona mtu mliyepoteana siku nyingi. Ukicheza wa chini, jiandae kulia. Shangazi alikuwa akilowesha kijipande cha karatasi kwa mate na kukibandika hapo, na ukope ulitulia, kama ambavyo ungetulia bila karatasi. Shavu la mguu halina tafsiri ya mababu, basi nikaiuliza simu. Simu haikuniambia habari za wageni. Ilinipa herufi tatu: ALS.

Kabla ya herufi hizo, tukitazame kwanza hicho kinachoruka. Je, wajua kwamba msuli hauna uamuzi wake? Kila uzi wa msuli unangoja amri ya seli moja ya neva iliyokaa ndani ya uti wa mgongo au kwenye shina la ubongo. Seli hiyo hurefusha mkono wake mwembamba, pengine karibu mita nzima, hadi mguuni, na huko mkono unagawanyika vitawi, kila kitawi na uzi wake. Kwenye misuli inayozungusha jicho, seli moja husimamia nyuzi kama kumi tu, maana jicho linataka usahihi. Kwenye shavu la mguu husimamia zaidi ya elfu moja. Amri ikifika mwisho wa neva, inamwagwa kemikali iitwayo asetilikolini, nyuzi zinajikunja, na kimeng'enya kinaifagia ile kemikali papo hapo ili msuli ulegee.

Mfikirie kondakta wa daladala. Akipiga bodi, dereva anaondoa gari bila kugeuka kuuliza. Sasa siku kondakta amechoka, kiwiko kikagonga bodi kwa bahati mbaya, gari litasogea vilevile. Kucheza kwa nyama ni kiwiko hicho. Neva moja imefyatuka bila kutumwa, mara nyingi huku mwishoni karibu na msuli, na nyuzi zake zote zimetii. Ndiyo maana mruko wa shavu la mguu unaonekana kwa macho: ni nyuzi mamia kwa mamia zimeruka kwa pamoja.

Kwamba amri hiyo ni umeme, dunia iliambiwa na mapaja ya vyura. Luigi Galvani wa Bologna, Italia, aliona miguu ya chura aliyekwisha kufa ikirusha teke pale neva yake ilipoguswa kwa kisu huku mashine ya cheche ikifanya kazi karibu. Alichapisha habari hizo mwaka 1791. Mwaka 1929 Edgar Adrian na Detlev Bronk wakatengeneza sindano ya kuingizwa msulini ili kunasa umeme huo, wakauunganisha na kipaza sauti, na tangu hapo daktari anaweza kuusikiliza msuli. Hapa pananipendeza. Neva iliyofyatuka yenyewe hulia kama bisi kwenye sufuria, pa, kimya, pa. Lakini msuli uliokatiwa neva yake una sauti nyingine: uzi mmojammoja hutetemeka peke yake, kwa mpigo usiobadilika, kama mvua kwenye paa la bati. Mtetemo huo wa pili hauonekani juu ya ngozi, hata uumulike kwa tochi gani. Kwa hiyo nilichokesha nikikitazama sicho ambacho sindano ya daktari huwinda hasa.

ALS ipo, tena ni ugonjwa mkatili. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza mwaka 1869: seli zilezile za neva zinakufa, na misuli iliyokuwa ikizitegemea inakauka. Mwanafizikia Stephen Hawking aligunduliwa nao mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akaishi hadi 2018, jambo ambalo ni nadra mno. Ulaya na Amerika Kaskazini, walikouhesabu muda mrefu, hupatikana wagonjwa wapya kama 2 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ni kweli nao huchezesha nyama. Ila mgonjwa kwa kawaida hufika kwa daktari kwa sababu ya kushindwa: ufunguo hauzunguki kitasani, kifungo cha shati kinamsumbua, kandambili inamvuka mguuni, maneno yanalemaa mdomoni, nyama iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea.

Upande wa pili, mwaka 1963 Reed na Kurland waliwauliza wafanyakazi wa afya wazima, na karibu asilimia 70 wakasema misuli yao hucheza. Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, waliandika habari za watu 121 waliochezwa na misuli bila udhaifu wowote, wakafuatiliwa kati ya miaka 2 na 32. Hakuna hata mmoja aliyeishia kwenye ALS. Na miongoni mwa wanaoogopa sana, nicheke au nisicheke, wamo madaktari wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaoijua orodha ya magonjwa.

Hata hivyo nilikwenda kupimwa. Daktari alinitembeza kwa visigino, kisha kwa vidole, akaniambia nisukume mkono wake, akautazama ulimi wangu kwa muda ulionifanya nisahau kupumua. Halafu akauliza nalala saa ngapi na nakunywa vikombe vingapi vya kahawa. Vya kahawa chungu nilivihesabu mpaka nikaona aibu. Uchovu, kukosa usingizi, mazoezi makali na kafeini huichokoza neva, na wasiwasi nao huichokoza, kisha mtu anautazama mguu, anazidi kuwa na wasiwasi. Mguu wangu bado hucheza mara mojamoja. Tochi nimeacha.

Lakini yupo mtu ambaye nyama zake zikicheza hapaswi kungoja hata saa moja: aliyetoka kupulizia dawa shambani. Viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti hukizuia kile kimeng'enya kinachofagia asetilikolini, na msuli unabaki kuamrishwa bila kukoma. Ukimwona nyama zinamruka, mate na jasho vinamtoka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano na kifua kinambana, mvue nguo alizopulizia, huku ukijikinga mikono yako, muoshe kwa sabuni na maji mengi, mkimbize hospitali, na kibandiko cha ile dawa ukibebe umwoneshe daktari.