Milima Haikutani: Sadfa ya Majirani Waliopoteana

Mwalimu mwenzangu na mtahiniwa, methali "Milima haikutani, binadamu hukutana" imezoeleka mno hata tunaipita bila kuichunguza. Watahiniwa wengi huitungia kisa kimoja: marafiki wa utotoni wanapoteana, miaka inapita, kisha ghafla bin vuu wanakumbatiana sokoni huku machozi yakiwatiririka. Kisa hicho si kibaya, ila kimebeba nusu tu ya methali. Makala haya yanakusudia kueleza mambo mawili: jinsi sadfa ya majirani kukutana tena inavyojengwa ikasadikika, na ile nusu ya methali ambayo aghalabu husahauliwa.

Tuanze na istilahi. Sadfa ni hali ya matukio mawili au zaidi kugongana bila ya wahusika kupanga. Zingatia kwamba wasiopanga ni wahusika, mwandishi amepanga. Kazi yake ni kuyaandaa mazingira hivi kwamba msomaji, baada ya kushtuka, akiri kuwa jambo hilo lingeweza kutokea.

Chukua mfano wa Migori na Homa Bay. Kaunti hizi mbili zilikuwa sehemu ya wilaya moja ya Nyanza Kusini kabla ya wilaya hiyo kugawanywa. Kampuni ya sukari ya Awendo, iliyoanzishwa 1976, ilivuta wafanyakazi kutoka jamii mbalimbali. Mtoto aliyelelewa katika mtaa wa wafanyakazi huweza kucheza na Mluo, Mkuria, Mgusii na Mluhya, wakaelewana kwa Kiswahili. Mzazi anapostaafu, kila familia hushika njia yake na watoto hupoteana. Je, watakutana wapi? Mandhari yenyewe yanakujibu: katika feri ya Mbita kwenda Luanda K'Otieno, mmoja akiwa mchuuzi wa samaki na mwingine mwalimu aliyehamishwa, kwenye barabara ya Migori kwenda Isebania, mpakani na Tanzania, au matangani, kwa kuwa mila ya Waluo ya kumzika mtu kwao huwaleta kijijini watu waliowahi kuwa majirani wa marehemu mjini. Hapo sadfa ina sababu. Mhusika hakudondoka kutoka mbinguni, bali shughuli zake ndizo zilizomfikisha pale.

Jambo la pili ni utambuzi. Miaka ishirini hubadilisha sura. Wala jina pekee halitoshi: Otieno, jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku, wako tele katika kaunti hizi. Mwandishi mzuri hutumia ishara ambayo ni jirani wa utotoni tu awezaye kuijua: kovu la kuanguka mtini, namna ya kupiga mluzi, au lakabu aliyobandikwa mtu akiwa darasa la pili. Ishara hiyo huitaja mapema, pengine kwa mbinu rejeshi, ili inapojitokeza tena msomaji aikumbuke. Ukiitaja pale pale wanapokutana, umechelewa.

Sasa tuingie katika nusu ya pili. Methali hii hutumiwa kumliwaza anayeagwa, lakini pia hutumiwa kumwonya anayetenda uovu. Anayeambiwa "milima haikutani" baada ya kumdhulumu jirani hapewi tumaini, anaonywa kwamba siku itakuja watazamane usoni. Hapo ndipo fasihi yetu inapogusa maisha. Katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, riwaya iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, Mzee Kedi, jirani wa Ridhaa wa miaka mingi, anahusika katika shambulio linaloiangamiza jamaa ya Ridhaa. Ujirani haukuwa kinga. Riwaya hiyo hiyo inawakutanisha ndugu waliotenganishwa: Umulkheri na Dick wanaonana katika uwanja wa ndege bila kutarajia. Mkutano huu una uzito kwa sababu tumeshaona jinsi watu walivyotengana.

Usisahau kwamba baada ya ghasia za uchaguzi wa Desemba 2007, maelfu ya familia zilizofurushwa miji kama Nakuru na Naivasha zilirejea Nyanza, zikiwemo za Homa Bay na Migori. Mtahiniwa wa leo huenda hakuwa amezaliwa, lakini mzazi wake anaweza kuwa na jirani wa zamani ambaye angependa kumwona tena, na mwingine ambaye asingependa. Mwalimu, unapoifundisha sadfa, acha nafasi ya kisa cha aina hiyo. Usimlazimishe mwanafunzi kumaliza kwa kukumbatiana. Insha ambamo watu wawili wanatambuana, wananyamaza, kisha mmoja anauliza, "Mama yako yu hai?" yaweza kuwa nzito kuliko yenye machozi ya furaha.

Mtahiniwa, yakumbuke mambo haya:

Katika insha ya methali, tunga kisa. Usiishie kwenye maana na matumizi. Onyesha kupoteana na kukutana, kwani methali ina pande mbili. Ukiandika kurasa mbili za kukutana na sentensi moja ya kutengana, kisa chako kitachechemea.

Katika karatasi ya fasihi, usitaje sadfa tu. Eleza ni akina nani wanakutana, ni kipi ambacho hawakukipanga, kisha uonyeshe sadfa hiyo inafanya nini: inajenga ploti, inafichua tabia, au inaendeleza maudhui. Hatua ya tatu ndiyo huachwa na wengi.

Zoezi

1. Tunga kisa kitakachodhihirisha methali "Milima haikutani, binadamu hukutana" ambamo anayekutana na jirani wa zamani ndiye aliyemkosea.

2. "Sadfa ni udhaifu wa msanii." Jadili kwa kurejelea riwaya yoyote uliyoisoma.

3. Taja ishara mbili za utambuzi zinazoweza kutumiwa katika kisa kinachotokea mjini Homa Bay, na ueleze ungezitaja wapi kwa mara ya kwanza.