Elimu ya Kongo na ya majirani: namna ya kutafuta takwimu na kuzisoma bila kudanganyika

Mzazi wa Uvira anasikia kwamba watoto wa Bujumbura wanajua hesabu kuliko wa kwetu. Wa Goma anaambiwa mashule mazuri yako Gisenyi, na kule Kasindi watu wanasifu masomo ya Uganda. Mabishano ya namna hii yanamalizikaka pale mtu mmoja anapotoa namba: Kongo asilimia hii, Rwanda asilimia ile. Wengine wananyamaza. Namba imetoka wapi? Nani alihesabu, na mwaka gani? Hakuna anayeuliza.

Jambo hili si la mabishano tu. Namba hizo hizo ndizo serkali na wafadhili wanatazama wakati wa kuamua pesa za elimu ziende wapi. Tena si siri. Mwenye telefone na mega kidogo anaweza kuzifikia, na nyingi ziko pia kwa Kifaransa. Kazi ngumu ni kuzisoma.

Ghala kubwa iko Montreal

Shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, UNESCO, lina taasisi yake ya takwimu, iliyoanzishwa 1999 na ambayo makao yake yako Montreal, Kanada. Kila mwaka taasisi hiyo inatuma maswali kwa serkali za dunia: wanafunzi wangapi, walimu wangapi, pesa ngapi. Majibu yanawekwa kwa intaneti, na kila mtu anaweza kuyasoma bila kulipa.

Taasisi hiyo haiendi yenyewe kuhesabu watoto darasani. Hapa Kongo hesabu inaanzia kwa direktere wa shule anayejaza karatasi. Karatasi inapanda kwa ofisi ya elimu ya eneo, ya jimbo, mpaka Kinshasa. Shule iliyofungwa juu ya vita, ao ile ambayo karatasi zake zilipotelea njiani, inaweza kukosekana katika hesabu ya mwisho.

Benki ya Dunia pia ina ghala yake ya takwimu, na wengi wanaipenda sababu ni rahisi kutumia. Lakini namba zake nyingi za elimu zinatoka UNESCO. Kwa hiyo mtu akikuta namba moja pande zote mbili, asifikiri amepata mashahidi wawili. Ni shahidi mmoja anayesema mara mbili. Na akikuta nukta mbili mahali pa namba, asisome sufuri: maana yake ni kwamba hakuna habari.

Mwaka wa saba si mahali pamoja kila inchi

Mtoto wa Tanzania ao wa Uganda anasoma miaka saba katika shule ya msingi. Wa Kongo na wa Rwanda anasoma miaka sita. Burundi imeunganisha miaka tisa ya kwanza kuwa masomo ya msingi. Basi, ukilinganisha "watoto waliomaliza primere" bila kuangalia hilo, unalinganisha safari zisizokuwa na urefu mmoja.

Ndiyo maana UNESCO ilitengeneza ngazi ya kimataifa yenye vidato kutoka 0 mpaka 8, ambayo kwa Kifaransa inaitwa CITE. Masomo ya chekechea ni 0, primere ni 1, sekondari ya kwanza ni 2, sekondari ya juu ni 3, na daktara wa chuo kikuu ni 8. Mwanafunzi wa mwaka wa saba wa Kampala anahesabiwa katika 1, mwenzake wa Bunia katika 2. Anayetafuta takwimu za kulinganisha atumie ngazi hiyo, asifuate majina ya madarasa.

Namba ya juu na namba ya chini

Kila asilimia ina namba mbili ndani yake. Tuseme kijiji kina watoto 100 wenye miaka 6 mpaka 11. Shule ya primere ina wanafunzi 120, sababu 35 kati yao wamepita umri huo: walichelewa kuanza ao wanarudilia. Hesabu inayoitwa "jumla" itasema 120 kwa mia. Mtu akiisoma haraka atafikiri watoto wote wako shuleni na wengine wamezidi. Lakini wenye umri halali ni 85 tu. Watoto 15 wa kijiji hicho wako shambani, kwenye karyere ya mawe ao sokoni. Hesabu ya pili, inayoitwa "halisi", ndiyo inawaonyesha.

Kwa Kongo, shida kubwa iko kwa namba ya chini, yaani watoto wote wa inchi. Mara ya mwisho raia wa Kongo kuhesabiwa wote ilikuwa 1984. Tangu hapo ni makadirio. Idadi ya watoto ikikadiriwa chini ya ukweli, asilimia ya waliosoma inapanda yenyewe, bila mtoto mmoja kuongezeka darasani. Na pale watu wa Masisi, Djugu ao Fizi wanapokimbia, mtoto anaweza kuhesabiwa bado kwa kijiji alichotoka, wakati kiti chake cha shule hakiko tena popote.

Angalia mwaka

Katiba ya Kongo ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya primere katika mashule ya serkali ni ya bure. Lakini bure yenyewe ilianza kutekelezwa kwa Septemba 2019. Uganda ilianza 1997, Tanzania 2001, Kenya 2003, Burundi 2005. Anayeweka Kongo ya 2015 karibu na Burundi ya mwaka huo analinganisha inchi ambamo mzazi analipa na inchi ambamo mzazi halipi tena.

Pesa nazo zina mtego wake. Katika Incheon, Korea ya Kusini, mwaka wa 2015, inchi za dunia zilikubaliana kwamba serkali itoe kwa elimu angalau 4 mpaka 6 kwa mia ya utajiri wa inchi, ao 15 mpaka 20 kwa mia ya matumizi yake. Takwimu hiyo inahesabu mfuko wa serkali peke yake. Prime ambayo wazazi wa Kongo walilipa walimu tangu miaka ya 1990 haimo ndani yake.

Kuwa shuleni na kujua kusoma

Kuingia darasani ni jambo moja, kuelewa ni jingine. Kwa inchi zinazosema Kifaransa kuna PASEC, mtihani unaopima lugha na hesabu kwa watoto wa mwaka wa pili na wa sita. Kongo yetu ilishiriki katika ule wa 2019, pamoja na Burundi na inchi zingine. Zote zilikuwa 14. Tanzania, Kenya na Uganda zimepimwa kwa mtihani mwingine, SACMEQ. PISA, ambao magazeti ya Ulaya yanauzungumzia sana, unapima vijana wa miaka 15. Alama za mitihani mitatu hiyo haziwekwi kwenye mizani moja.

Hata ndani ya mtihani mmoja kuna la kuuliza. Katika PASEC ya 2014, watoto wa Burundi walifanya vizuri sana kwa hesabu. Lakini wale wa mwaka wa pili walipimwa kwa Kirundi, lugha ya nyumbani, wakati wenzao wa inchi nyingi walipimwa kwa Kifaransa. Hilo halifuti ushindi wao. Linaonyesha pengine sehemu ya sababu yake.

Benki ya Dunia inasema kwamba Kongo, watoto 97 kwa mia wenye miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa andiko fupi. Namba hiyo inatisha, na haipaswi kufichwa. Ila msomaji ajue imetengenezwa namna gani: inaunganisha watoto wasiosoma kabisa na wale ambao, walipopimwa mwishoni mwa primere, hawakufikia kiwango cha kusoma. Si kwamba mtu alipita nyumba kwa nyumba na kitabu.

Mashariki iko wapi ndani ya hesabu?

Namba ya inchi nzima inachanganya Kinshasa na Walikale. Kwa kuona jimbo moja moja, lazima kutafuta ankete za nyumbani, ambamo watu wanaulizwa mlangoni kwao. Kuna ile ya UNICEF inayoitwa MICS, ya 2017-2018, na zile za afya na uzazi zinazoitwa EDS, ambazo zinauliza pia juu ya masomo. UNESCO ina vilevile ghala inayoitwa WIDE, inayotenganisha wavulana na wasichana, tajiri na maskini, mjini na kijijini.

Tahadhari moja: majimbo 26 yako tangu 2015. Mwenye kutafuta Ituri ya zamani ataikuta ndani ya Province Orientale, na Tanganyika ndani ya Katanga.

Kwa hiyo, mtu akileta namba katika mkutano wa wazazi, aulizwe mambo manne kabla ya kushangiliwa: nani alihesabu, mwaka gani, watoto wa umri gani, na kati ya watoto wangapi. Na komite ya wazazi inaweza kuanza na kazi iliyo karibu zaidi, yaani kumuuliza direktere kama karatasi ya takwimu ya mwaka huu imejazwa na kama imetumwa. Watoto wasioandikwa pale hawataonekana Montreal, wala Kinshasa wakati wa kugawa walimu na viti.