Makaratasi Mkononi mwa Mume: Utangulizi

Karibu, mwanafunzi, katika taaluma ya kuwasaidia wanawake wahamiaji wanaoteswa na waume au wenza wao. Swali utakaloulizwa mara nyingi ni "Kwa nini haondoki?" Nakuomba uanze na jingine: nani ameshika makaratasi yake?

Tutazame Marekani. Mwaka 1986, katika kupambana na ndoa za kughushi, nchi hiyo iliamua kwamba mgeni aliyefunga ndoa karibuni na raia au mkaazi wa kudumu aanze na ukaazi wa masharti wa miaka 2, kisha wanandoa waombe pamoja masharti yaondolewe. Saini ya mume ikageuka rungu. Mke akawa wa kuchagua kipigo au kufukuzwa nchini. Mwaka 1990 sheria iliwalegezea waliopigwa, lakini mwanazuoni wa sheria Kimberlé Crenshaw, katika makala yake ya mwaka 1991, alionyesha kwamba ushahidi uliodaiwa, kama vile taarifa za polisi na madaktari, ulikuwa mbali na mwanamke asiyejua lugha wala pa kwenda. Somo lake ndilo msingi wetu: jinsia, rangi na uhamiaji humwelemea mtu mmoja kwa pamoja.

Sheria ya mwaka 1994 kuhusu ukatili dhidi ya wanawake ilimruhusu mke wa raia au mkaazi wa kudumu kujiombea ukaazi mwenyewe, bila mume kujua. Mwaka 2000 ikaongezwa viza ya U, kwa waathirika wa uhalifu wanaosaidia vyombo vya dola, hata kama mtesaji hana uraia. Hata hivyo, waathirika wanaopewa hawazidi 10,000 kwa mwaka, na foleni ni ya miaka.

Sheria pekee haitoshi, kwa sababu vitisho hustawi palipo na giza la habari. Mama wa Kikongo aliyepokewa Marekani kama mkimbizi huweza kuambiwa na mumewe, "Nitapiga simu urudishwe kambini." Ukweli ni kwamba ana hadhi yake mwenyewe, na talaka haiifuti. Lakini nani amemweleza hayo kwa Kiswahili? Katika jumuiya ndogo mkalimani anaweza kuwa binamu wa mume, au muumini mwenzake kanisani. Mtafute wa mbali, kwa simu, na umuulize mama kwanza kama anamridhia. Mtoto asitumwe kamwe kutafsiri kipigo cha mama yake.

Jua pia kwamba wakati wa kuondoka mara nyingi ndio wa hatari zaidi. Pangeni pamoja nakala za pasipoti na vyeti vya watoto zitunzwe wapi, na simu ipi ni salama. Wapo wanaotaka kipigo kikome bila ndoa kuvunjika, na wapo wanaoogopa polisi. Usimwamulie, mume amekwisha kumwamulia vya kutosha. Wala usijiunge na wale wanaomwambia "vumilia" huku uhai wake uko hatarini.

Ukijua Kiswahili na lugha ya nchi uliyomo, una hazina ambayo ofisi nyingi za msaada zinaikosa. Jifunze sheria ya mahali ulipo, tunza siri kama amana, kisha jitolee. Wanaokuhitaji ni wengi.